Je, wajua kwa nini spana hii huitwa malaya?

Ingia gereji yoyote Dar es Salaam uombe "spana ya kurekebisha", fundi atakutazama kama mgeni. Sema "spana malaya", utapewa papo hapo. Spana ya kawaida ina nati yake: namba 13 ni ya 13, basi. Hii inakwenda na nati yoyote itakayokutana nayo, ndiyo maana ikabandikwa jina hilo. Si jina la kutamka mbele za wakwe, lakini limeshika.

Kwa wenzetu, jina humwangukia jirani. Wahispania na Waitaliano huiita "ufunguo wa Kiingereza", Wadenmark "ufunguo wa Kiswidi". Wajerumani wana aina mbili za zamani, moja wanaiita Mwingereza, nyingine Mfaransa! Wamarekani wengi husema Crescent, jina la kampuni iliyoanzishwa Jamestown, New York, mwaka 1907. Waingereza walikuwa na spana za namna hii tangu miaka ya 1840, ila umbo tunalolijua leo ni la Msweden Johan Petter Johansson wa mji wa Enköping, aliyepata hataza yake (haki rasmi ya mvumbuzi) mwaka 1892. Enzi hizo nati hazikuwa na vipimo vya pamoja, kila kiwanda na saizi zake, kwa hiyo fundi alitembea na mzigo wa spana.

Ishike uitazame. Taya moja limeungana na mpini, la pili linateleza. Chini ya hilo linaloteleza kuna kigurudumu kilichochongwa mzunguko kama parafujo, kinachokamata meno ya taya. Ukikizungusha kwa kidole gumba, taya linasogea bila shida. Lakini nati, hata ikisukuma kwa nguvu namna gani, haiwezi kukizungusha kigurudumu kirudi nyuma. Ujanja wote uko hapo.

Na udhaifu uko hapo hapo. Meno yakishalika, taya linacheza. Spana inaruka, kona za nati zinaisha, na vidole vyako vinachubukia kwenye chuma. Kwa hiyo ibane mpaka isicheze kabisa, kisha uivute hivi kwamba nguvu iangukie taya lisilosogea. Kama una spana ya saizi kamili, tumia hiyo. Mimi malaya naitoa mwisho, kwenye mashine za kizamani zenye nati za inchi.

Usiichanganye na paipu renchi. Ile ina taya zenye meno makali na kichwa kilicholegea makusudi: kadiri unavyovuta, ndivyo inavyolibana bomba. Mmarekani Daniel Stillson aliipatia hataza mwaka 1869. Bomba la mviringo halina kona za kushika, hivyo lazima ling'atwe. Ukikuta nati ya bomba la sinki linalong'aa ina alama za meno, ujue fundi alikuja na paipu renchi peke yake.