Daktari wa meno anapohama kliniki, mgonjwa wake anabaki na nani?

Daktari wa kinywa na meno anapoamua kuacha kliniki aliyofanya kazi na wenzake ili afungue ya kwake, hesabu huanzia kwenye kiti, kompresa na kodi ya pango. Sisi tunaowafundisha madaktari hawa tungependa ianzie kwa mgonjwa ambaye matibabu yake hayajaisha.

Kutibu mzizi wa jino mara nyingi huchukua miadi zaidi ya mmoja. Hapo katikati jino huzibwa kwa muda tu. Kizibo kikilegea, mate hupenya, bakteria hurudi ndani na kazi yote huharibika. Aliyefungwa waya za kunyoosha meno naye huhitaji uangalizi wa mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Watu hawa waambiwe mapema: daktari anaondoka lini, nani atamalizia, na fedha walizokwisha kulipa zitahesabiwaje. Anayepokea na anayeondoka wakae pamoja wapitie kila faili na picha zake za eksirei.

Hapa ndipo ugomvi huzuka. Kuna wanaonakili namba za wagonjwa kimyakimya usiku wa mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hizo zilikusanywa ili mtu atibiwe, si ili kliniki mpya ipate wateja. Lakini wanaobaki nao wasimfiche mgonjwa anayeuliza daktari wake amehamia wapi. Kuchagua ni haki yake. Barua moja iliyosainiwa na pande zote mbili huzuia mengi.

Kuhusu vibali, leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika inakuruhusu wewe kutibu. Haigeuzi nyumba uliyopanga kuwa kliniki. Kituo husajiliwa peke yake, na mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya kupiga jino moja, huhitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hakikisha jengo linafaa kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Fedha zikipungua, punguza mapambo ya mapokezi, usiguse utakasaji wa vifaa. Otoklevu hutakasa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 134 kwa angalau dakika 3 au nyuzi 121 kwa dakika 15. Kuchemsha kwenye sufuria hakuui vijidudu sugu. Kama una seti chache za vifaa, panga wagonjwa wachache kwa siku, kila seti ipate muda wake kamili ndani ya mashine.