"Mwalimu, Hili ni la Sura ya Ngapi?"

Kazi yangu ni kutunga mitihani, na kabla ya hapo nilifundisha hisabati kwa miaka mingi. Swali lililonibadilisha zaidi ya yote niliyowahi kutunga liliulizwa na mwanafunzi.

Alikuwa amepata zote kwenye jaribio la asilimia. Mwezi mmoja baadaye nikaandika ubaoni: bwawa lina samaki 100, mwaka wa kwanza wanaongezeka kwa asilimia 20, mwaka wa pili wanapungua kwa asilimia 20. Je, tumerudi tulikoanzia? Akalisoma, akafunua daftari mbele na nyuma, kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili ni la sura ya ngapi?"

Hakuwa mvivu, wala hakuwa mzito wa kuelewa. Nilipomtajia tu neno "asilimia", alilimaliza palepale: 120, halafu 96, hapana, hatujarudi. Hesabu alikuwa nayo. Kilichomshinda ni kulitambua swali lilipomjia bila kichwa juu yake. Na kosa lilikuwa langu, maana kila zoezi nililowahi kumpa lilikuwa na jina la njia yake juu ya ukurasa.

Namkumbuka kila ninapokaa kwenye vikao vya kurekebisha mitaala. Hoja huwa ileile: dunia inakimbia, kazi zinabadilika, akili mnemba inajibu kila kitu, kwa hiyo tupunguze maarifa tufundishe fikra tunduizi, ubunifu na utatuzi wa matatizo. Kwamba dunia inakimbia, nakubali. Hilo la kupunguza maarifa ndilo linalonitia hofu. Mtu hafikiri hewani. Hufikiri kwa kile anachokijua.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia Michelene Chi na wenzake walichapisha utafiti ambao ningependa kila mtunga mitaala ausome. Waliwapa wanafunzi waliokuwa wakianza fizikia, na mabingwa wa somo hilo, maswali wayapange katika mafungu. Wanafunzi waliangalia sura ya nje: yenye springi huku, yenye vitu kwenye mteremko kule. Mabingwa waliangalia kanuni: haya yanahusu uhifadhi wa nishati, yale yanahusu kanuni ya pili ya Newton. Jicho hilo la bingwa limejengwa kwa maarifa mengi yaliyounganishwa. Ukiyaondoa maarifa, umeling'oa na jicho.

Hata hivyo, kujua peke yake hakutoshi. Hapa ndipo yule msichana na daftari lake wananirudia. Kuna fumbo la kale la mwanasaikolojia Karl Duncker: mgonjwa ana uvimbe tumboni, na mionzi yenye nguvu ya kuuangamiza itaunguza pia nyama yenye afya inayopitiwa njiani. Ufanyeje? Miaka ya 1980 wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu fumbo hilo, lakini kwanza wakawasomesha hadithi ya jenerali anayetaka kuteka ngome. Barabara zimetegwa mabomu, jeshi kubwa likipita pamoja yatalipuka, kwa hiyo anawagawa askari wake katika vikosi vidogo vinavyopita barabara tofauti na kukutana ngomeni kwa wakati mmoja. Jibu la mgonjwa ni hilohilo: mionzi dhaifu kutoka pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Bila kuambiwa kwamba hadithi inahusika, walioona jibu walikuwa kama 3 kati ya 10. Walipodokezwa kwamba hadithi inaweza kuwasaidia, wakafika kama robo tatu. Jibu walikuwa nalo kichwani muda wote! Na maisha hayana mtu wa kukudokezea.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza elimu ibadilike wapi kwanza, simwelekezi kwenye orodha ya masomo mapya. Namwelekeza kwenye mazoezi. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya umbo moja hadi likaisha ndipo likaenda la pili. Kundi lingine lilichanganyiwa maswali ya maumbo yote manne. Wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa walipata asilimia 60, wenzao 89. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata 63. Wale wa 89 walishuka hadi 20.

Tazama vizuri namba hizo, kwa sababu ndani yake mna ugumu wote wa mageuzi. Njia inayofaa huonekana mbovu siku ya kwanza. Mwanafunzi anajiona anarudi nyuma, mzazi anaona alama zimeshuka, mkaguzi akiingia darasani anakuta watoto wanasitasita. Mwalimu anayevumilia hali hiyo anahitaji kulindwa na mfumo, na mfumo huzungumza kupitia mtihani. Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa. Nami siwalaumu hata kidogo, kwani hatima ya watoto wao iko hapo.

Ndiyo maana siku hizi napanga maswali bila kufuata mada, na kanuni moja naileta kwa sura mbili zisizofanana. Kabla ya kukokotoa namtaka mtahiniwa aandike sentensi moja: swali hili linahusu nini, na umelitambuaje? Sentensi hiyo ina alama zake. Kusahihisha kunachukua muda mrefu zaidi, na wasahihishaji wamenilalamikia kwa haki.

Kwenye majaribio ya kwanza ya mtindo huu niliweka swali la tangi linaloongezwa maji kwa asilimia fulani kisha kupunguzwa kwa asilimia ileile. Mmoja aliandika: "Hili ni kama la idadi ya watu tuliyofanya zamani, ila hapa ni maji, kupungua kunahesabiwa kutoka kwenye kile kikubwa." Hesabu yake chini ilikosea nukta ya desimali. Alama za ile sentensi nilimpa zote.