Selma Selman na boneti: kuchora juu ya chuma chakavu

Msanii Selma Selman alizaliwa mwaka 1991 Bihać, Bosnia na Herzegovina, katika familia ya Waroma (jamii ya Ulaya yenye asili ya India, si watu wa mji wa Roma) ambao riziki yao ni vyuma chakavu. Anachora sura, zikiwemo za watu wa nyumbani kwake, juu ya boneti, milango ya magari na mabati ya vifaa vilivyotupwa. Katika onyesho la Mercedes Matrix (2019) yeye na jamaa zake walibomoa Mercedes nzima mbele ya watazamaji. Katika onyesho la Motherboards walivunja kompyuta ili kutoa dhahabu.

Uzito wa kazi hizi uko kwenye ujuzi wenyewe. Mtu wa vyuma chakavu hutambua shaba, aluminiamu na chuma kwa rangi, uzito na sumaku, na anajua kwa nini masega ya ekzosi (kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki) yana bei kuliko bomba lake: ndani mna gramu chache za metali ghali, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Tani moja ya bodi za kompyuta huweza kuwa na dhahabu kuliko tani ya mawe ya migodi mingi. Waroma wamedharauliwa kwa kazi hii vizazi na vizazi. Selman anaipandisha jukwaani, shoka likiwa mkononi mwa mwanamke, na anaendesha mfuko wa kuwasomesha wasichana wa Kiroma. Kwangu huo ndio ufeministi wenye mizizi.

(Dhahabu ya bodi msiijaribu nyumbani. Tindikali zake hutoa mvuke unaounguza mapafu.)

Kwa anayetaka kuchora juu ya boneti, kazi kubwa ni maandalizi. Ondoa grisi kwanza kwa sabuni na maji ya moto, halafu thina. Ukianza na msasa, grisi inasukumwa ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika. Kutu inayopukutika itoke kwa brashi ya waya. Ile iliyoshikamana unaweza kuiacha ionekane, mimi naipenda, ila ujue vanishi hupunguza tu kasi yake. Kama gari liliishi karibu na bahari, osha chumvi kwa maji safi mara kadhaa, la sivyo kutu itaifumua rangi kutoka chini.

Rangi ya zamani ya gari ikwaruze kwa msasa namba 240 hadi 320, mpaka mng'ao wote ufe. Penye chuma kitupu paka praima ya epoksi (rangi ya msingi inayoshika chuma), tabaka mbili nyembamba. Usipake akriliki (rangi ya maji) moja kwa moja juu ya chuma kitupu: maji yake huleta madoa ya kutu kabla rangi haijakauka.

Mabati yenye zinki yana tabia yake. Rangi ya mafuta ikigusa zinki, hutengenezeka sabuni katikati yao, na baada ya miezi picha inabanduka vipande vipande. Praima ya epoksi inayofaa mabati huzitenganisha.

Mipinde na makunyanzi usiyanyooshe kabla ya kuuweka uso juu yake. Yafuate, shavu likae palipobonyea. Boneti ya chuma huweza kufika kilo 15 hadi 20, kwa hiyo itundike kwa matundu yake ya bawaba, kwa boliti, kwenye ukuta wa tofali. Kingo zilizokunjwa huhifadhi unyevu, na kutu huanzia hapo: zipulizie nta ya magari ya kuzuia kutu kwa ndani kabla ya kutundika.