Digrii ya mtandaoni na uzoefu wa kazi: usilipe kabla hujajua haya

Dhana: Miaka yako ya kazi inaweza kugeuzwa digrii.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi hapa Tanga, hasa makarani na walimu waliokaa kazini muda mrefu huku vyeo vikiwapita kwa kukosa karatasi. Tangazo linaingia kwenye simu: jaza fomu, taja miaka ya kazi, chagua digrii, cheti kinakuja ndani ya wiki mbili. Itazame fomu yenyewe. Hakuna swali hata moja la somo; kinachosisitizwa ni namba ya kadi ya benki.

Ukweli ni kwamba uzoefu unahesabika, ila kwanza unapimwa. Vyuo makini vya Marekani hukubali matokeo ya mtihani wa kupima unachokijua tayari, kama ule uitwao CLEP, au hukutaka uandae jalada la ushahidi wa kazi zako, wahadhiri walipitie. Unachopata ni kusamehewa baadhi ya masomo, yaliyobaki utayasoma. Kwetu, utambuzi wa mafunzo ya awali humfungulia mlango wa chuo kikuu mtu asiye na sifa za kawaida. Akifaulu anaanza digrii, hakabidhiwi digrii. Fundi naye aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale anapopungukiwa, kisha anapewa cheti cha ufundi. Hiyo ni heshima anayostahili kabisa.

Dhana: Tovuti ikisema chuo kina ithibati, yatosha.

Ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kinakidhi viwango, imetoka kwa nani? Matapeli huunda hata bodi za kuwaidhinisha. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo hewa na bodi hewa. Kwa chuo cha Marekani, tafuta jina lake kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo. Iko wazi mtandaoni, bure.

Dhana: Digrii za masafa zote ni feki.

Si kweli hata kidogo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina kituo hapahapa Tanga.

Dhana: Chuo kikiwa halali kwao, hapa hutaulizwa.

Utaulizwa. Cheti cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kitambuliwe na kulinganishwa. Waulize kuhusu chuo hicho leo, ada ikiwa bado iko mfukoni mwako.