Habari ya redio huandikiwa sikio

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Taarifa yake huja kwa Kiingereza, ikiwa na jedwali la miji na maelezo kuhusu gharama ya mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Muda si mrefu, dereva wa matatu aliyekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road huenda akasikia habari kama hii: "Mamlaka imefanya marekebisho ya bei ya juu zaidi ya uuzaji wa rejareja wa bidhaa za petroli, ambayo yataanza kutekelezwa usiku wa manane, kufuatia ongezeko la wastani wa gharama ya uagizaji."

Maneno yote hayo ni ya Kiswahili na hakuna kosa la sarufi. Hata hivyo dereva hajajua kama kesho atalazimika kuongeza nauli.

Tuseme petroli imepanda kwa shilingi 3 na senti 95. Habari hiyohiyo ingeandikwa hivi: "Petroli inapanda kuanzia usiku wa leo. Hapa Nairobi utalipa karibu shilingi nne zaidi kwa kila lita. Bei ya dizeli na ya mafuta taa haijabadilika." Baada ya hapo ndipo unaeleza sababu, na ndipo unamkumbuka msikilizaji wa Mandera, ambaye hulipa zaidi ya mwenzake wa Mombasa kwa kuwa mafuta husafirishwa mbali hadi kumfikia.

Msomaji wa gazeti akipotea kwenye sentensi hurudi nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Anaosha vyombo, anamnyamazisha mtoto, au yuko juu ya bodaboda na kifaa cha kusikilizia sikio moja. Sentensi ikimpita imekwenda, na akiendelea kuitafuta kichwani, ya pili nayo inampita.

Sisi tunaofunza utangazaji hapa Nairobi tunajua tatizo linaanzia wapi. Taarifa nyingi za wizara, mashirika na mahakama huandikwa kwa Kiingereza, na wanaoziandika ni wanasheria au wachumi. Mwanahabari anaipokea saa kumi na moja jioni, taarifa ya habari ni saa moja usiku, basi anaitafsiri mstari kwa mstari. Anachopeleka hewani ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kiswahili.

Dawa tunayoifundisha haihitaji mtambo wowote. Isome taarifa yote mpaka uielewe. Ifunge. Mgeukie mwenzako aliye karibu umweleze kilichotokea, kisha andika ulivyomweleza. Ukimaliza, ifungue tena uhakikishe majina, tarakimu na tarehe. Ukikwama unapomweleza mwenzako, maana yake hujaelewa, na huo ndio wakati wa kumpigia simu aliyeitoa taarifa umuulize. Kutafsiri tu kitu usichokielewa ni kumtwika msikilizaji mzigo uliokushinda wewe mwenye kulipwa kuubeba.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitufunza umuhimu wa jambo hili. Lugha yake ilikuwa ya kodi na vifungu, lakini ndani yake mlikuwa na mapendekezo yaliyomgusa kila mtu: kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 kila mwaka. Vijana walijitolea kuufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakianza na bei ya mkate. Naamini kwa dhati kwamba hiyo ilikuwa kazi ya vyumba vya habari, na tulipaswa kuifanya mapema, kabla watu hawajalazimika kujifanyia wenyewe.

Katika uandishi wenyewe, anza na vitenzi. "Serikali imefanya uzinduzi wa mpango" ni serikali imezindua mpango. "Polisi wanaendeleza uchunguzi" ni polisi wanachunguza. Kitenzi cha Kiswahili kina nguvu ya kubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pumzi moja. Ukikigeuza kuwa nomino unalazimika kuongeza "fanya" na "wa", na sentensi inavimba bila kunenepa.

Tuna hazina nyingine, upatanisho wa ngeli. Ukisema "Lori liligonga pikipiki likatumbukia mtoni", hakuna atakayeuliza kilichotumbukia ni kipi, maana "li" imekwisha kujibu. Lakini weka basi mahali pa pikipiki, na msaada huo unatoweka, kwa sababu lori na basi zote huchukua "li". Hatari ni kubwa zaidi kwa watu. "Gavana alimwambia waziri kwamba hana mamlaka ya kumfuta kazi mkurugenzi." Nani hana mamlaka? Wanaohusika wanaweza kukushtaki kwa jibu ambalo msikilizaji atajichagulia. Rudia jina au cheo. Kurudia, ambako mwalimu wa insha angekupunguzia alama, redioni ni hisani.

Chanzo kitangulie. "Watu watatu wameuawa kinyama, polisi wamesema" humfanya msikilizaji apokee jambo kama ukweli uliothibitishwa, kisha aambiwe amechelewa kwamba ni maelezo ya upande mmoja. Anza na "Polisi wanasema."

Tarakimu zinahitaji busara. Bilioni 3.97 ziwe karibu bilioni nne, na kama inawezekana sema zitatosha nini. Ila idadi ya waliofariki haikadiriwi, wala kura za mgombea. Hizo hutajwa kamili.

Saa ndiyo mahali ambapo tafsiri ya haraka huumiza watu waziwazi. Mwaliko wa Kiingereza ukitaja 10 a.m., hiyo ni saa nne asubuhi. Ukiiandika "saa kumi asubuhi" umemwamsha mzazi alfajiri aende kupanga foleni ya basari mbele ya lango lililofungwa. Ripoti ya polisi ikisema 1400, ni saa nane mchana. Na kwa matukio ya usiku, shika msemo wa "usiku wa kuamkia Alhamisi." Kwa desturi ya Waswahili wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Alhamisi" wa mtu wa Lamu na ule wa mtu wa Kasarani huenda usiwe usiku mmoja. Msemo huo unawatosha wote wawili.

Kuandika kwa mazungumzo hakumaanishi kulegeza mambo ya sheria. Anayechunguzwa ni mshukiwa. Aliyesomewa mashtaka katika mahakama ya Milimani ni mshtakiwa. Hakuna kati yao aliye mwizi mpaka hakimu aseme hivyo, hata kama mtaani wote wanamwita mwizi.

Huulizwa pia kuhusu Sheng. Ghetto Radio imejenga hadhira kwayo, na vituo vya kijamii kama Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho vinajua wasikilizaji wao kuliko mimi. Kwa kituo cha taifa zima ushauri wangu ni Kiswahili rahisi, kwa sababu bibi aliye Taita na kijana wa Lodwar wanakisikia pia. Neno "stima" linapita popote nchini. Misemo mingi ya mtaani haifiki hata mtaa wa pili.

Kabla hujaikabidhi habari yako, isome kwa sauti, si kwa kunong'ona, ukiwa umesimama ikiwezekana. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, ikate hapohapo. Ulimi ukijikwaa, badilisha neno. Jina la mtu au kijiji usilolijua, mpigie simu mwenyeji akutamkie, kisha uliandike kwenye hati kwa silabi zilizotenganishwa, kwa kuwa atakayelisoma saa sita usiku huenda asiwe wewe.