Kondoo wa kukata gazoni (majani ya ku parseli): bile batu banasemaka na ukweli yake

"Kondoo njo mashini ya bure." Apana. Kukata anakata kweli, na anafika chini kabisa juu mdomo wake wa juu umepasuka kati, lakini mashini unaifungia mu depo inalala, kondoo anataka maji kila siku, kivuli, mahali pa kulala, na mwenzake, juu kondoo peke yake analia mchana mzima. Tena mwezi wa tano mpaka wa tisa gazoni ya Lubumbashi inakauka, utamununulia chakula.

"Mbuzi ao kondoo, sawa tu." Mbuzi atamaliza maua na matawi kwanza. Kondoo njo anainamia majani.

"Ni kintu ya kijiji." Mu 1918, wakati wa vita, rais wa Amerika Woodrow Wilson alifugia kondoo ku gazoni ya White House, nyumba ya rais, manyoya ikauzwa, feza ikaenda ku Msalaba Mwekundu. (Wetu wa huku wengi hawana manyoya ya kuuza, iyo usahau.)

"Majani yangu ni safi, sitiagi dawa." Hapa njo naomba batu ba Lubumbashi basikilize muzuri. Mu wanyama wa kufuga, kondoo njo anaumizwa na shaba mbio zaidi, na sisi tunaishi mu muji wa shaba! Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mu 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi upande wa Penga Penga, udongo wa kule ukajaa shaba, kuko mahali hata majani haioti muzuri. Kondoo akila majani mafupi anameza na vumbi na udongo. Ile shaba inajikusanya mu maini polepole, mnyama ananenepa, unafurahi, kiisha siku moja maini inaiachilia yote mu damu: macho manjano, mukojo mweusi-mwekundu, na mara mingi veterineri anafika kondoo amekwisha kufa. Basi kama parseli yako iko njia ya ule moshi, acha kondoo, kata na mashini.

Na kokote uko, usimupe chakula ya nguruwe ao ya kuku, iko na shaba mingi sana kwake. Ngoa maua ya loriye-rozi na ya lantana, ni sumu kwa kondoo. Majani usiache amalize, bakisha urefu wa vidole vitatu na umuhamishe, juu watoto wa minyoo wanakaa pale chini karibu na udongo.