Kituo cha kujitolea cha eneo: maana yake na namna kinavyoihudumia jamii

Kituo cha kujitolea cha eneo ni taasisi inayowaunganisha watu walio tayari kutoa muda na ujuzi wao bila malipo na asasi, shule, hospitali au kaya zinazohitaji msaada huo, ndani ya mkoa mmoja au wilaya kadhaa zinazopakana. Kwa kawaida kituo chenyewe hakitunzi wazee, hakifundishi watoto kusoma wala hakipandi miti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayetaka kufanya mambo hayo anakutana na anayeyahitaji, na kwamba pande zote mbili zinakutana zikiwa zimejiandaa.

Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, uliofanyika chini ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2013, uliieleza kazi ya kujitolea kuwa ni kazi isiyo ya lazima, isiyolipwa, inayofanywa kwa ajili ya watu wengine. Kwa kipimo hicho, mtu anayetumikia adhabu ya mahakama kwa kufanya kazi za kijamii hahesabiki, na anayemuuguza mzazi wake nyumbani naye hahesabiki, hata kama mzigo wake ni mzito kuliko wa wote. Hiari ndiyo inayoifanya kazi ya kituo kuwa ngumu, kwa sababu mtu asiyefungwa na mshahara anaweza kuondoka siku yoyote.

Ndiyo maana shughuli huanza kwa mazungumzo. Mratibu humuuliza mgeni anaweza nini, ana nafasi siku zipi, na hasa ni nini asichokitaka. Mhasibu mstaafu aliyechoshwa na hesabu huenda angependa kusukuma viti vya wagonjwa kuliko kukagua vitabu vya asasi, na asipoulizwa atapangiwa vitabu. Anayetarajiwa kufanya kazi na watoto au watu wasioweza kujilinda huchunguzwa kwanza. Katika nchi nyingi uchunguzi huo hujumuisha rekodi za jinai.

Sehemu isiyoonekana sana, nami naiona kuwa ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, ni ile inayowahusu wapokeaji. Asasi ndogo mara nyingi huomba watu kumi ilhali haina meza ya kuwaketisha, haina msimamizi wa kuwaelekeza, wala haijaamua nani atarudisha nauli zao. Kituo huisaidia kuandika maelezo ya kazi, kupanga mafunzo elekezi, kuelewa suala la bima na kumteua mtu mmoja wa kuwajibika. Huduma hizi hazipigwi picha, na wafadhili huzipitia haraka katika ripoti. Hata hivyo, bila huduma hizi watu wengi wazuri hufika mara mbili, husimama bila kazi, kisha hawarudi tena, huku lawama ikielekezwa kwa "vijana wa siku hizi".

Umuhimu wa kazi hiyo huonekana zaidi wakati wa maafa. Tetemeko la ardhi lililoupiga mji wa Kobe, nchini Japani, tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,000, na katika miezi iliyofuata watu zaidi ya milioni 1 walikwenda kusaidia, wengi wao ikiwa mara yao ya kwanza kujitolea. Nia ilikuwapo tele, lakini utaratibu wa kuwapokea ulikuwa haba. Siku hizi maafa yanapotokea nchini humo, baraza la ustawi wa jamii la mahali husika hufungua kituo cha muda cha watu wa kujitolea: wakazi huleta maombi yao, wanaofika huandikishwa na kuhakikishiwa bima, hugawanywa katika vikundi, hupewa vifaa kama sepetu na toroli, kisha jioni hutoa taarifa ya kilichofanyika ili ratiba ya kesho ipangwe. Majirani wasio na ndugu wa kuwasemea, ambao katika vurugu ya misaada husahaulika kwa urahisi, huingia katika orodha sawa na wengine.

Fedha za kuendesha vituo vya namna hii hutoka serikali za mitaa, wafadhili, na pengine ada za asasi wanachama. Utegemezi huo huleta majaribu: mamlaka inayopunguza bajeti yake inaweza kukitaka kituo kizibe mapengo ya watumishi walioachishwa kazi. Kituo makini hukataa ombi la aina hiyo, kwa kuwa kulikubali kungemnyima mtu mwingine mshahara. Mtu wa kujitolea anaweza kumsomea mgonjwa gazeti au kumsindikiza hadi maabara, lakini zamu ya muuguzi hubaki kuwa ya muuguzi anayelipwa.